Ufunguo wa Bafu na Mikate Iliyopotea

Mikate ya mtaa wa Huruma haikufika.

Wacera alikuwa amefungua duka lake mapema, akapangusa rafu, akajifunga leso kiunoni na kusimama mlangoni kulitazamia gari la kiwanda. Wateja walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi za gorofa ya jirani. Kila mmoja alikuwa ameacha chai mekoni.

"Wacera, leo tutakunywa chai na hewa?"

"Mwambie dereva tumekwisha kunawa mikono!"

Lakini gari halikutokea. Foleni iligeuka kuwa manung'uniko, na manung'uniko yakageuka kuwa mkutano. Jua lilipoanza kuwaka, Wacera alivuka barabara na kuomba simu kwa mwenye duka la dawa. Hakumpigia mwenye kiwanda. Aliwapigia polisi.

Inspekta Nzilani alifika pamoja na Sajini Abukar. Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na jambo. Alitazama rafu tupu, akapitisha kidole juu ya ubao.

"Mwizi hakuacha hata makombo," alisema.

"Hata makombo hayakufika hapa, Afande," Wacera alijibu. "Niliagiza jana kwa simu, kama siku zote. Kreti ishirini za mkate mweupe. Karani alinisomea agizo langu, nami nikaitikia."

"Una adui?"

"Leo ninao wengi. Hebu wasikie hapo nje."

Kiwanda cha Mikate cha Jua Jipya kilikuwa Eneo la Viwanda, upande unaopakana na Mukuru kwa Njenga. Meneja wake, Bwana Kinyanjui, aliwapokea maafisa langoni. Alikuwa na tai nyekundu na hasira iliyopigwa pasi vizuri.

"Mikate iliokwa?" Nzilani aliuliza.

"Iliokwa."

"Ikatoka?"

"Ikatoka. Kreti ishirini zilipakiwa katika gari la Phares Owino. Alipaswa kuzipeleka Huruma. Amezipeleka Makongeni."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja aitwaye Selpher Nasimiyu. Hana duka. Hana hata kibanda. Si mteja wetu."

"Phares anamfahamu?"

"Anamfahamu sana! Jumamosi hii binti yake Phares anaolewa na kijana wa mama huyo."

Sajini Abukar alijikuna kidevu. "Siku hizi mahari inarudi kinyumenyume," alisema. "Tena kwa mikate."

Kinyanjui hakucheka. Alitoa hati ya mzigo, yaani ile karatasi ndogo ambayo kompyuta humchapia kila dereva ili ajue mzigo wake unakwenda wapi. Iliandikwa kwa herufi kubwa: SELPHER NASIMIYU, MAKONGENI. MKATE MWEUPE KRETI ISHIRINI.

"Ameighushi," meneja alisema. "Kompyuta haikosei. Tuliinunua ili isikosee. Nimekwisha kuandikisha mashtaka, na mtu wenu wa zamu amemtia Phares ndani."

Nzilani aliiinua karatasi kwenye mwanga. Wino ulikuwa ule ule wa hati nyingine zote za asubuhi hiyo. Aliitia ndani ya bahasha ya vielelezo, akaipeleka kituoni kwa mtaalamu wa alama za vidole. Jibu lilirudi upesi: palikuwa na alama za aliyepakia na za dereva tu, na herufi zilichapwa na mashine ya kiwanda. Karatasi haikuwa ya kughushi.

Hilo halikumsaidia Phares. Kama karatasi ilikuwa halali, basi alikuwa na mshirika ndani ya kiwanda.

Dereva alikuwa amekaa selo juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mkubwa mwenye mabega ya kabati. Alisimama Inspekta alipoingia.

"Mzee Phares, mikate ya Huruma ulipeleka wapi?"

"Nilikotumwa na karatasi, Afande."

"Hukushangaa kuona jina la mkweo?"

"Nilifurahi! Meneja alikuwa ameniambia, 'Owino, kiwanda hakitakusahau siku ya harusi.' Nikaona, kumbe hii ndiyo zawadi. Niliendesha huku nikiimba."

"Hukumwuliza mtu?"

"Afande, mtu akikupa zawadi, unamrudia kumwuliza kama hajakosea?"

Sajini alikohoa ili kuficha kicheko.

"Ulipeleka kitu kingine Makongeni?"

"Bahasha. Mkwe wangu Mulama anafanya kazi katika chumba cha kompyuta pale pale kiwandani. Alinipa bahasha nimpelekee mama yake. Sikuifungua."

Nzilani aliliandika jina hilo. Sasa mshirika alikuwa na jina.

"Kesi yako itatajwa mahakamani Jumatatu," alisema.

Phares aliushika ukuta. "Jumatatu? Afande, leo ni Alhamisi. Harusi ni keshokutwa. Adoyo ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki. Nikikosa mimi, nani atautia mkono wake mkononi mwa mumewe?"

Kaunta ya kituo ilikuwa na mgeni. Msichana mrefu alisimama pale ameshika chupa ya uji, nywele zake zikiwa nusu zimesukwa, nusu bado.

"Mimi ni Adoyo," alisema. "Nilikuwa kwa msusi niliposikia. Afande, baba yangu huirudisha hata kalamu aliyoiazima. Nitaingia kanisani na nani?"

Inspekta Nzilani hakuwa na desturi ya kuahidi. Aliipokea chupa ya uji.

"Kamalize nywele," alisema.

Nyumba za Makongeni zilipangwa safu safu, na kila safu ilikuwa na bafu moja la kuogea. Ufunguo wa bafu la safu ya akina Selpher ulining'inia kwenye msumari, kando ya mlango wa nyumba ya kwanza. Aliyetaka kuoga aliuchukua. Ambaye hakuukuta alijua kuna mtu ndani, akangoja. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeianzisha sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuihoji, mpaka asubuhi hiyo.

Maafisa walikuta ugomvi mkubwa uani. Mzee Wanyoike, aliyestaafu kazi ya reli, alisimama akiwa amejifunga taulo, povu likimtiririka masikioni. Mbele yake alikuwa Bedan, fundi viatu kijana, naye akiwa na taulo, ndoo na aibu.

"Polisi wamekuja wenyewe!" Mzee Wanyoike alipiga kelele. "Mkamateni huyu! Nimejipaka sabuni usoni, sioni kitu, nahisi mtu ananimwagia maji ya moto mgongoni!"

"Pole, babu. Nilidhani hamna mtu," Bedan alisema.

"Ufunguo ulikuwa kwenye msumari?" Nzilani aliuliza.

"Haukuwa."

"Sasa uliingiaje?"

Bedan alitazama chini. Majirani walijibu kwa pamoja: "Kwa kijiko!"

Kumbe kijana huyo aligundua kwamba mpini wa kijiko ukipenyezwa katika kitasa, mlango hufunguka bila ufunguo. Siku nyingi alikuwa akifanya hivyo bila kugunduliwa, kwa kuwa bahati ilimkutanisha na bafu tupu.

"Nilikuwa na haraka, mzee wangu. Ni dakika moja tu."

"Dakika yako moja imeniosha na maji ambayo si yangu!"

Waliokuwapo wote walicheka, na Mzee Wanyoike mwenyewe alianza kutabasamu chini ya povu. Inspekta Nzilani peke yake hakucheka. Aliutazama ule msumari mtupu kwa muda, kisha akabisha hodi kwa Selpher.

Chumba kilikuwa kimejaa mkate. Kreti zilipangwa mpaka karibu na dari, na moja ilikuwa imegeuzwa kiti. Selpher, mama mnene mwenye miwani mipya, aliwakaribisha kwa furaha isiyo na hatia hata kidogo.

"Karibuni, wanangu! Keti juu ya mkate, Afande, viti nimeviazimisha kanisani. Mmeona wema wa kiwanda?"

"Mama, mikate hii imeibwa."

Selpher aliifunika kwa kitambaa kreti moja iliyokuwa imefunguliwa, kana kwamba hakutaka mikate yenyewe isikie.

"Tumekula michache," alisema kwa sauti ndogo. "Na chai."

"Phares alikuletea bahasha pia. Iko wapi?"

Bahasha ilikuwa chini ya Biblia. Ndani mlikuwa na kadi za harusi, zote zimechapwa kwa herufi kubwa, kila moja na jina la mgeni wake. Nzilani alinyoosha mkono, lakini Selpher alizirudisha kifuani.

"Ngoja, Afande. Nitakusomea mwenyewe. Nasoma kisomo cha watu wazima, ukumbi wa kanisa, kila alasiri ya Jumanne na Alhamisi." Aliiweka sawa miwani, akapitisha kidole. "Ka-ri-bu ha-ru-si-ni, Tru-phe-na. Huyu twakaa naye dawati moja. Karibu harusini, No-rah. Huyu ni mwalimu wetu. Sasa hii ndiyo iliyonishinda. Nimeisoma mara nyingi nikadhani nimesahau herufi."

"Inasemaje?"

"Ka-ri-bu ha-ru-si-ni, Mka-te Mweu-pe Kre-ti I-shi-ri-ni."

Sajini Abukar aligeuka akatazama ukuta. Mabega yake yalitikisika.

"Nikasema Mulama ananitania," Selpher aliendelea. "Lakini si hilo linaloniuma. Nimezipekua zote. Kadi yangu haimo. Mama wa bwana harusi, sina kadi!"

Nzilani aliichukua ile kadi ya ajabu, akaiweka kando ya hati ya mzigo. Moja ilikuwa na mkate mahali pa mgeni. Nyingine ilikuwa na mgeni mahali pa duka.

"Mama," alisema taratibu, "kadi yako haikupotea. Jina lako lilipanda gari la mikate."

Chumba cha kompyuta hakikuwa na dirisha. Kilikuwa baridi, na mvumo wa mashine uliwafanya watu waseme kwa sauti ya juu. Mulama alikuwa kijana mwembamba aliyevaa sweta mbili. Alikuwa humo tangu usiku, wala habari za nje hazikuwa zimemfikia. Meneja Kinyanjui aliingia nyuma ya maafisa, akajibanza mlangoni.

"Mulama, nani huandika hati za mzigo?"

"Programu mbili, Afande. Moja tunaiita Karani. Hupokea maagizo ya wateja ambayo makarani wa simu wameyaandika. Ya pili tunaiita Mpakiaji. Hulichukua agizo na kulichapa. Zote hufanya kazi kwa wakati mmoja, ndani ya mashine moja."

"Huongeaje?"

"Haziongei. Kila programu ina chumba chake katika kumbukumbu ya mashine. Juu yao kuna programu kuu inayozitawala zote, nayo hairuhusu moja kuingia chumba cha mwenzake."

"Basi agizo hupitaje?"

Mulama alichangamka. Ilionekana si watu wengi waliopata kumwuliza swali hilo. "Kuna rafu ya pamoja. Karani huliweka agizo pale, Mpakiaji huja kulichukua. Rafu ni ndogo, hutosha agizo moja tu."

"Zikifika pale kwa pamoja?"

"Haiwezekani. Kuna ufunguo mmoja. Anayetaka kuigusa rafu huuomba kwanza kwa programu kuu. Akimaliza, huurudisha. Asiyeukuta husubiri."

"Kama bafu la Makongeni."

Kijana alicheka kwa sauti. "Hivyo hivyo, Afande! Wenzangu chuoni walisumbuka na somo hilo. Mimi nililelewa na lile bafu."

"Nani mwingine hutumia rafu hiyo?"

"Hakuna."

"Na kadi za harusi zilipita wapi?"

Kicheko kilikatika.

"Kadi gani?"

Nzilani aliiweka mezani ile kadi. Mulama aliisoma. Uso wake ulibadilika, kwanza kwa mshangao, kisha kwa kuelewa.

"Mashine ilinionyesha kwamba zote zimechapwa," alinong'ona. "Nikazitia katika bahasha bila kuzitazama."

"Uliandika programu ya tatu?"

Mulama aliigeuza kadi upande wa nyuma.

"Ilitumia rafu ya maagizo?"

"Ni... ni Mpakiaji pekee anayejua kuiamuru mashine ya kuchapia. Ilinilazimu kumpitishia majina pale pale."

"Iliomba ufunguo?"

"Afande, kupitisha jina moja ni kitambo kidogo mno. Kufumba na kufumbua. Nilikadiria kwamba haziwezi kukutana."

"Nimekuuliza, iliomba ufunguo, au iliingia kwa kijiko?"

Mulama hakukielewa kijiko, lakini alilielewa swali. Aliinamisha kichwa juu ya kadi.

"Ukinyamaza, nitaondoka," Inspekta alisema. "Lakini kuna dereva amekaa selo juu ya ndoo kwa sababu ya mikate hii. Kesi yake ni Jumatatu."

"Dereva yupi?"

"Phares Owino."

Kijana alisimama, akakaa, akasimama tena. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mtoeni! Mtoeni sasa hivi, Afande! Hajui lolote. Ni mimi. Nitieni pingu mimi."

"Sema yote. Sajini anaandika."

Mulama alieleza akiwa amesimama wima, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Haikuomba ufunguo. Kila anayeuchukua hurekodiwa na mashine, na Bwana Kinyanjui huitazama rekodi kila siku. Ni marufuku kuitumia kompyuta kwa mambo ya nyumbani. Kwa hiyo niliifundisha programu yangu kuifikia rafu bila kuomba. Alfajiri, Karani aliweka agizo la Huruma. Kabla Mpakiaji hajalichukua, programu yangu ikaingia na jina la mama na mtaa wake. Jina la duka la Wacera likafutika, kwa kuwa jina la mama liliandikwa juu yake. Mikate ikabaki. Mpakiaji alipokuja akachapa alichokikuta: mama yangu na kreti ishirini. Kisha akaichapa kadi kwa maneno yaliyosalia rafuni."

"Na kwa nini kadi?" Kinyanjui alifoka. "Mjini hakuna wachapaji? Hakuna kalamu?"

Mulama alimgeukia.

"Bwana Meneja, mwaka juzi dada yangu alipoolewa, kadi ziliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha. Mama alipewa yake. Aliishika juu chini mbele ya wageni, akatabasamu, akasema ni nzuri. Watu walimwona. Mwezi uliofuata alijiandikisha kwenye kisomo. Sasa anasoma, yeye na wenzake, lakini herufi zilizoshikana bado zinawashinda. Wanazijua herufi kubwa, zilizosimama moja moja, kama zile za ubaoni. Wachapaji wa mjini huchapa kadi moja kwa watu wote, na jina la mgeni hujazwa kwa kalamu. Nilitaka kila mama wa darasa lile apokee kadi, alikute jina lake, na alisome bila kumwomba mtu. Mashine hii pekee ingeweza. Nilijua utakataa, kwa hiyo sikukuuliza."

Kinyanjui aliitengeneza tai yake, ingawa haikuwa imeharibika.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Mama yangu hutia sahihi kwa kidole gumba mpaka leo."

Inspekta Nzilani alifunga kalamu yake. "Bwana Kinyanjui, wewe ndiye mlalamishi. Hapa sioni wizi. Naona mtu aliyeingia bafuni bila ufunguo."

"Nitaondoa mashtaka," meneja alisema. "Lakini kijana, utaitengeneza programu yako leo, mbele yangu, nayo itapanga foleni kama wengine. Na mikate ya Huruma utaipeleka wewe. Kwa mabega yako."

"Naam, Bwana."

"Na uchape kadi moja zaidi, ya mama yangu."

Jioni hiyo wakazi wa Huruma walimwona mtaalamu wa kompyuta, mwenye sweta mbili, akishusha kreti moja baada ya nyingine. Mzee Phares alikaa kwenye usukani, mlango wazi, akihesabu kwa sauti na kukataa katakata kusaidia.

"Inua magoti, mkwe! Hiyo ni mikate, si mayai!"

Wacera alimngoja mwisho wa ngazi, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenifuta?"

"Nisamehe, mama. Juu ya jina lako liliandikwa jina jingine."

"Maneno hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba wateja wangu wamekunywa chai kavu. Msamaha wangu una sharti. Mikate yangu imealikwa harusini, mimi je?"

Mulama alipekua mfuko wa shati, akamkabidhi kadi moja.

Jumamosi, kanisa lilijaa mapema. Mzee Phares Owino aliingia akiwa amemshika binti yake mkono, koti lake jipya likimbana mabegani, akitembea polepole kuliko kinanda kilivyotaka. Adoyo alikuwa amesukwa kichwa kizima. Inspekta Nzilani alikaa nyuma, amevaa kitenge, kando ya Mzee Wanyoike na Bedan. Wawili hao walikuwa wamepatana. Kijiko kilikuwa kimerudishwa jikoni.

Baada ya ibada, karamu ilifanyika ukumbini, mahali pale pale pa kisomo. Selpher alikataa kukaa. Alisimama mlangoni na miwani yake, akaipokea kadi ya kila mgeni na kulisoma jina kwa sauti kabla ya kumruhusu kupita. Kadi yake mwenyewe, iliyochapwa upya, ilikuwa imebanwa kifuani kwa pini. Wenzake wa darasani walipofika, hawakumpa kadi. Walijisomea wenyewe, mmoja mmoja, na ukumbi ulipiga makofi kwa kila jina.

Mwisho kabisa alitokea mwanamke aliyevaa gauni la buluu, akitokwa na jasho la safari ya kutoka Huruma. Alitoa kadi iliyokunjika pembeni.

Selpher aliitazama. Safari hii hakuigawa silabi hata moja.

"Karibu harusini," alitangaza, ukumbi mzima ukasikia, "Mkate Mweupe Kreti Ishirini!"

"Nimefika," Wacera alijibu, akapita. "Na leo sikupotea njia."